Kujihami kwa Kulenga Maeneo Dhaifu ya Mwili: Historia ya Maarifa ya Wanyonge nchini Uingereza, 1899–1942

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mbinu moja ya kujihami, yaani kulenga maeneo dhaifu ya mwili wa mshambuliaji: macho, koo, viungo vya mkono, chembe cha moyo, kinena na ugoko. Uchunguzi umejikita nchini Uingereza kuanzia mwaka 1899, jujutsu ya Kijapani ilipotangazwa kwa wasomaji wa London, hadi mwaka 1942, mafunzo ya askari yalipogeuzwa kuwa kitabu cha wanawake. Hoja kuu ni kwamba ujuzi wa maeneo hayo haukuwa na utata mkubwa kwa upande wa maumbile. Utata ulihusu nani anaruhusiwa kuwa nao. Sehemu ya mwisho inaonesha namna suala hilo linavyoigusa Afrika Mashariki kupitia sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza na kupitia mafunzo ya kujihami ya jijini Nairobi.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno mnyonge lina maana mbili zinazokwenda pamoja: mtu asiye na nguvu, na mtu asiyesikilizwa anapodai haki yake. Methali isemayo “mnyonge hana haki” huziunganisha maana hizo kana kwamba ya pili ni matokeo ya kwanza. Methali nyingine humjibu msemaji huyo: “mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.” Mvutano kati ya methali hizi mbili ndio unaoongoza makala haya. Kama udhaifu wa mwili ndio chanzo cha kunyimwa haki, inafaa tuulize ni mwili wa nani ulioitwa dhaifu, na nani aliyeuita hivyo.

Historia ya kujihami hutoa njia nzuri ya kulijibu swali hilo. Sanaa nyingi za mapigano huanza na dhana kwamba mwenye nguvu, uzito na urefu ndiye mshindi. Mafundisho ya kulenga maeneo dhaifu huanza mahali pengine. Yanasema kuwa kila mwili, uwe mkubwa namna gani, una sehemu ambazo misuli haizilindi. Jicho la mtu mwenye uzito wa kilo mia moja halina ngozi nene kuliko jicho la mtoto. Kidole chake kidogo kikipindwa kinyume huuma kama kidole cha mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mafundisho hayo huuhamisha udhaifu. Unaacha kuwa sifa ya aina fulani ya watu na unakuwa hali ya miili yote.

Makala yamegawanywa katika sehemu tano baada ya utangulizi huu. Sehemu ya kwanza inaeleza kanuni za pambano la haki zilizotangulia. Ya pili inaeleza ujio wa jujutsu London. Ya tatu inahusu wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Ya nne inafuatilia safari ya maarifa hayo katika jeshi la polisi la Shanghai na Vita Kuu ya Pili. Ya mwisho inahusu sheria na Afrika Mashariki, kisha linafuata hitimisho.

2.0 Pambano la Haki na Kanuni ya Mkanda

Mwaka 1743 bondia Jack Broughton aliandika kanuni za mapigano ya ngumi katika ukumbi wake jijini London. Miongoni mwake ilikuwamo kanuni iliyokataza kumpiga aliyeanguka na kumshika mpinzani sehemu yoyote chini ya kiuno. Kanuni zilizojulikana kwa jina la Mtemi wa Queensberry zilitangazwa mwaka 1867, zikaleta glovu na raundi za dakika tatu. Mwaka 1909 Klabu ya Taifa ya Michezo ya London iliweka mpangilio wa madaraja manane ya uzito. Kufikia hapo ngumi za Kiingereza zilikuwa zimejengewa ua wa maadili: mahali pa kupiga panajulikana, muda unajulikana, na uzito wa wapinzani unakaribiana.

Maadili haya yalivuka mipaka ya ulingo. Hadi leo Waingereza humwambia mtu aliyetumia hila katika mjadala kuwa amepiga chini ya mkanda. Kulenga sehemu dhaifu kukawa alama ya uoga na ya tabia isiyo ya kiungwana.

Hata hivyo, kanuni ya mkanda ina masharti ambayo hayasemwi. Inamhitaji mwamuzi. Inahitaji wapiganaji waliokubaliana kupigana. Inahitaji pia wawe wanalingana, ndiyo maana madaraja ya uzito yaliwekwa. Katika uchochoro wenye giza, au katika nyumba ambayo mlango wake umefungwa kwa ndani, masharti hayo yote hayapo. Mtu mdogo aliyevamiwa na mtu mkubwa akizuiwa kugusa macho, koo na kinena, anabakiziwa kifua, mabega na mikono, yaani zile sehemu ambazo mkubwa amemzidi. Kanuni iliyobuniwa kuwalinda wanaolingana, ikipelekwa mahali pasipo na ulingano, humlinda aliyezidi nguvu.

3.0 Kutoka Kobe hadi London

Mtazamo tofauti uliingia Uingereza kupitia Japani. Edward William Barton-Wright, mhandisi aliyezaliwa India mwaka 1860, alifanya kazi Japani na kujifunza jujutsu katika mji wa bandari wa Kobe. Alirejea London mwaka 1898, na mwaka uliofuata alichapisha makala katika jarida la Pearson's Magazine kuhusu kile alichokiita sanaa mpya ya kujihami. Mfumo wake aliupa jina la Bartitsu, akiunganisha jina lake mwenyewe na neno jujutsu.

Misingi aliyoieleza inaweza kufupishwa katika hatua tatu: kwanza kumyumbisha mshambuliaji, pili kumshtukiza kabla hajarudisha uwiano wake na kutumia nguvu zake, tatu, ikilazimu, kuvipinda viungo vyake, kama vile kiwiko, bega au kifundo cha mkono, kuelekea upande ambao kwa maumbile haviwezi kuhimili. Katika hatua zote tatu nguvu za anayejihami hazikupewa nafasi ya kwanza. Kilichopewa nafasi hiyo ni ujuzi wa namna mwili wa binadamu ulivyoundwa.

Inafaa hapa kutofautisha aina mbili za udhaifu wa mwili ambazo walimu wa jujutsu walizifundisha. Aina ya kwanza ni udhaifu wa muundo. Kiwiko hukunjika upande mmoja tu, na mtu akisimama kwa mguu mmoja huanguka kwa msukumo mdogo. Aina ya pili ni udhaifu wa mguso. Pua ikigongwa macho hujaa machozi. Chembe cha moyo kikipigwa pumzi hukatika kwa muda kwa sababu misuli ya kupumulia hukaza. Ugoko huuma upesi kwa sababu mfupa umefunikwa na ngozi tu. Wajapani waliyapa maeneo ya aina hii ya pili majina yao maalumu. Chembe cha moyo kiliitwa suigetsu, yaani maji na mwezi. Korodani ziliitwa tsurigane, yaani kengele inayoning'inia.

Japani kwenyewe mgawanyiko kati ya mchezo na kujihami ulikuwa umeshajitokeza. Kano Jigoro alipoanzisha Kodokan mwaka 1882, aliyaondoa mapigo ya maeneo dhaifu katika mazoezi huru ya judo ili wanafunzi wasiumizane, lakini akayahifadhi katika mazoezi ya mpangilio maalumu yaitwayo kata. Kwa njia hiyo alitambua kuwa ustaarabu wa uwanja wa mazoezi na mahitaji ya mtu aliyevamiwa ni mambo mawili, na kwamba moja halifuti jingine.

Mwaka 1900 Barton-Wright aliwaleta London vijana wawili wa Kijapani, Yukio Tani na Sadakazu Uyenishi. Wote wawili walikuwa wadogo wa umbo. Tani alijipatia umaarufu katika kumbi za burudani kwa kuwashinda wanamieleka waliomzidi uzito kwa mbali. Klabu ya Bartitsu ilifungwa mwaka 1902, lakini Uyenishi alifungua shule yake katika eneo la Golden Square, na mwaka 1905 akachapisha kitabu cha kiada cha jujutsu. Miongoni mwa waliofika shuleni hapo kujifunza walikuwa mume na mke, William na Edith Garrud.

4.0 Edith Garrud na Wapigania Kura

Edith Garrud, aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa na kimo cha sentimita 150 hivi. Mwaka 1908 Uyenishi alipoondoka Uingereza, William aliichukua shule, na Edith akawa mwalimu wa wanawake na watoto. Katika kipindi hichohicho Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake, ulioongozwa na Emmeline Pankhurst, ulikuwa ukikabiliwa na vurugu katika mikutano yake. Wapinzani waliwavamia wasemaji jukwaani, na wanawake waliokwenda Bungeni kupeleka madai yao walisukumwa na kupigwa. Kuanzia mwaka 1909 Garrud alitoa maonesho na mafunzo kwa wanachama wa umoja huo.

Tukio lililobadilisha uzito wa mafunzo hayo lilitokea tarehe 18 Novemba 1910, siku iliyokuja kuitwa Ijumaa Nyeusi. Wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda Bungeni baada ya muswada wa haki ya kura kukwama. Kwa muda wa saa sita polisi na wanaume waliokuwa katika umati waliwapiga, kuwaangusha na kuwadhalilisha kijinsia. Daktari Jessie Murray na mwandishi Henry Brailsford walikusanya taarifa za mashahidi 135, na 29 kati yake zilieleza udhalilishaji wa kijinsia. Serikali, ambayo Waziri wake wa Mambo ya Ndani alikuwa Winston Churchill, ilikataa kuanzisha uchunguzi wa umma.

Taarifa hizo zinafichua jambo muhimu kwa mada yetu. Wapigaji walishika matiti, walipinda vidole na mikono, walilenga sehemu walizojua kuwa zinauma na zinaaibisha. Kanuni ya mkanda, iliyosifiwa kuwa fahari ya uungwana wa Kiingereza, haikumzuia mwenye nguvu siku ile. Ilibaki kumzuia aliyepigwa tu, kwa kuwa mwanamke aliyejibu alihesabiwa kuwa ndiye mvunja amani.

Namna jamii ilivyoupokea ujuzi wa Garrud inaonekana katika kichekesho. Tarehe 6 Julai 1910, miezi minne kabla ya Ijumaa Nyeusi, jarida la Punch lilichapisha katuni ya mwanamke mmoja mpigania kura anayejua jujutsu, polisi wamejikunyata mbele yake na wengine wametupwa juu ya uzio. Msomaji wa wakati huo alicheka kwa sababu mambo yalikuwa yamepinduliwa: mwili ulioitwa dhaifu umesimama, na miili iliyoitwa imara imelala. Kicheko hicho kinakiri, bila kukusudia, kwamba mpangilio uliozoeleka ulitegemea wanawake kutojua.

Mwaka 1913 Bunge lilipitisha sheria iliyoitwa kwa dhihaka Sheria ya Paka na Panya. Wafungwa waliodhoofika kwa mgomo wa kula waliachiwa huru, kisha wakakamatwa tena walipopata nafuu. Ili kumlinda Pankhurst asikamatwe, liliundwa kundi la walinzi wa kike wapatao 30, chini ya uongozi wa Gertrude Harding, na Garrud akawafundisha. Walificha virungu vya mazoezi ndani ya magauni yao, na walifanya mazoezi katika maeneo ya siri ili polisi wasiwafuatilie.

Tarehe 9 Machi 1914, katika ukumbi wa St Andrew's mjini Glasgow, polisi walipanda jukwaani kumkamata Pankhurst. Seng'enge zilikuwa zimefichwa chini ya maua yaliyopamba jukwaa. Walinzi walipigana mbele ya maelfu ya watazamaji, lakini Pankhurst alikamatwa. Mtafiti hapaswi kulificha jambo hili. Ujuzi wa maeneo dhaifu haukuwapa wanawake wale ushindi dhidi ya dola, na haki ya kura iliyotolewa mwaka 1918 kwa wanawake waliozidi miaka 30 waliotimiza masharti ya mali, kisha kwa wote kwa usawa na wanaume mwaka 1928, ilikuwa na sababu nyingi. Kilichobadilika Glasgow ni kwamba kumkamata mwanamke mmoja kulifanyika hadharani, kwa gharama, na mbele ya mashahidi ambao wengi wao walikasirishwa na walichokiona.

5.0 Kutoka Shanghai hadi Kitabu cha Wanawake

Maarifa hayohayo yalipita pia njia nyingine, mikononi mwa dola. William Ewart Fairbairn, aliyezaliwa mwaka 1885, alijiunga na Polisi wa Manispaa ya Shanghai mwaka 1907, katika eneo la mji lililotawaliwa na wageni. Baada ya kujeruhiwa vibaya akiwa kazini alianza kujifunza jujutsu, na baadaye akapata mkanda mweusi wa Kodokan. Mwaka 1926 alichapisha mfumo wake alioupa jina la Defendu.

Mazingira ya mfumo huo hayapaswi kusahauliwa. Tarehe 30 Mei 1925 polisi wa jeshi hilohilo waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Kichina na kuwaua kadhaa. Ujuzi uliokuwa kinga ya wanawake wa London ulikuwa, katika mji wa Shanghai, chombo cha kuudumisha utawala wa wageni. Maarifa ya mwili hayana upande. Upande hutokana na uhusiano wa kimamlaka kati ya anayepiga na anayepigwa.

Fairbairn alirejea Uingereza mwaka 1940 na kufundisha askari maalumu katika kituo cha Lochailort, Uskoti. Aliipunguza mitindo hadi ikabaki michache: ukingo wa kiganja shingoni, kisigino cha kiganja kidevuni, goti kinenani, ukingo wa kiatu ugokoni. Sababu yake ilikuwa ya kimatendo. Mtu mwenye hofu hupoteza ustadi wa mienendo midogo, kwa hiyo alihitaji vitendo vichache vinavyofika mahali ambapo kosa dogo la shabaha haliharibu matokeo.

Mwaka 1942 alitoa pia kitabu kidogo cha kujihami kwa wanawake na wasichana. Ndani yake vita havionekani kabisa. Yaliyomo ni kushikwa kifundo cha mkono, kukumbatiwa kwa nguvu kutoka nyuma, kusumbuliwa na jirani katika kiti cha ukumbi wa sinema. Hapo ndipo tunapoona hatua muhimu ya kihistoria. Mwaka 1910 mwanamke aliyejua kupinda mkono wa mwanamume alikuwa kichekesho cha gazeti. Mwaka 1942, wanaume wengi wakiwa vitani na wanawake wakitoka kazini usiku katika miji iliyozimwa taa, ujuzi huohuo ulichapishwa kama ushauri wa kawaida. Maumbile ya goti na kidevu hayakuwa yamebadilika katika miaka hiyo 32. Jamii ndiyo iliyobadili mawazo kuhusu anayestahili kuyafahamu.

6.0 Sheria, na Urithi wake Afrika Mashariki

Ruhusa ya kijamii pekee haitoshi bila ruhusa ya kisheria. Sheria ya mapokeo ya Kiingereza humruhusu mtu kutumia nguvu za kiasi kinachofaa kujilinda. Swali gumu ni kipimo cha kiasi hicho. Katika shauri la Palmer, lililotoka Jamaika na kuamuliwa na Baraza la Mfalme mjini London mwaka 1971, majaji walieleza kuwa mtu anayejihami hawezi kupima kwa usahihi mkamilifu nguvu anazotumia, na kwamba alichokifanya kwa unyofu katika dakika ya hatari ni ushahidi mzito wa kufaa kwake.

Shauri hilo linatugusa moja kwa moja. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaelekeza kwamba wajibu wa jinai kwa anayetumia nguvu kujilinda au kulinda mali uamuliwe kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza. Kwa hiyo swali lililowakabili wanawake wa mwaka 1910 linaweza kuulizwa katika mahakama ya Nairobi: je, mtu mdogo aliyelenga jicho la mtu mkubwa ametumia nguvu kupita kiasi? Tukipima kwa jeraha peke yake, jibu linaweza kumwelemea mdogo. Tukipima kwa njia alizokuwa nazo wakati ule, picha hubadilika, maana mwenye mwili mkubwa anaweza kuchagua kusukuma tu, ilhali mdogo hana chaguo hilo.

Suala hili si la nadharia. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakiwamo bibi wazee wa Korogocho na wasichana wa shule, yamekuwapo mafunzo ya kujihami yanayounganisha sauti, maneno na mwili. Mwanafunzi hufundishwa kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti kubwa, na ikibidi kulenga macho, pua, koo au kinena kisha kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wasichana wa umri wa sekondari katika mitaa hiyo ulionesha kuwa, miongoni mwa waliofundishwa, kiwango cha kushambuliwa kingono kwa mwaka kilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, wakati katika kundi la kulinganishia hakikubadilika kwa kiasi cha maana. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walieleza kuwa walikuwa wameutumia ujuzi huo kuzuia shambulio.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Wapo wanaohofu kwamba kumfundisha msichana kujihami ni kumtwisha mzigo wa kuzuia kosa la mtu mwingine, na kwamba atakayeshindwa ataulizwa kwa nini hakupigana. Hofu hii ina msingi, na historia ya Glasgow inaiunga mkono, kwani hata waliofundishwa vema wanaweza kushindwa. Lakini lawama hiyo haitokani na ujuzi. Wanawake wa Ijumaa Nyeusi walilaumiwa walipopinga na walipuuzwa walipotoa ushahidi. Mahali ambapo lawama imekwishaandaliwa, kutojua hakumwokoi mtu nayo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia maarifa ya maeneo dhaifu ya mwili kutoka ulingo wa Broughton hadi shule ya Golden Square, jukwaa la Glasgow, mitaa ya Shanghai na kitabu cha mwaka 1942. Imebainika kuwa katika kila hatua mgogoro ulihusu mgawanyo wa ujuzi. Mabondia waliuzuia kwa jina la haki ya pambano, jarida likaufanyia mzaha, polisi wakautumia, na vita vikaufungulia mlango kwa wanawake wa kawaida.

Yapo mambo mawili yanayopendekezwa kwa watafiti wa Kiswahili. Kwanza, historia ya kujihami isomwe pamoja na historia ya sheria, kwa kuwa kitendo kimoja hupewa jina la ushujaa au la kosa kutegemea nani amekitenda. Pili, kumbukumbu za wanawake waliopitia mafunzo ya Nairobi zikusanywe kwa lugha wanazozungumza wakati wao wenyewe wangali hai kuzisimulia. Taarifa zile 135 za mwaka 1910 ndizo zinazotuwezesha leo kuijua Ijumaa Nyeusi kwa maneno ya waliopigwa; bila hizo tungebaki na katuni ya Punch na maelezo ya serikali.